Ratiba ya usafi inayofuata siku ya maji

Ratiba nyingi za usafi wa nyumba hufa wiki ya pili au ya tatu, na mara nyingi uvivu hauhusiki. Zinakufa kwa sababu aliyezipanga alifikiria nyumba ambayo bomba linatoa maji saa zote. Jumatatu choo, Jumanne kudeki, Jumatano kufua. Halafu Jumatatu inafika bomba linapuliza upepo, Jumanne maji yaliyobaki ni ya kupikia tu, na Jumamosi kazi zote zimelundikana mlangoni.

Tuchukue nyumba ya kupanga ya kawaida ya Dar es Salaam: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, choo na bafu humohumo ndani, sakafu ya vigae, watu watano. Maji yanatoka mara mbili kwa wiki na yanahifadhiwa kwenye simtanki la lita 1,000 na mapipa mawili ya akiba. Kwenye nyumba ya namna hii maji ndiyo yanayopanga kazi. Jina la siku halina uzito.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kugawa kazi mafungu mawili, kavu na za maji. Kavu ni kufagia, kufuta vumbi, kutoa utando wa buibui, kusafisha pangaboi, kupiga brashi neti za madirisha, kupanga makabati, kutoa taka, kuanika magodoro. Za maji ni kufua, kudeki, kusugua choo na bafu, kuosha friji, kuosha mapipa yenyewe. Kazi kavu hufanyika siku yoyote, moja moja, robo saa inatosha. Za maji zinakusanywa kuzunguka siku ya mgao. Ukiona mtu anahangaika na usafi huku ana muda, mara nyingi utakuta anadeki siku kavu kwa nusu ndoo ya maji na kufuta vumbi siku ya maji.

Hatua ya pili ni kujua kipi kinangoja na kipi hakingoji. Vumbi juu ya kabati linangoja mwezi mzima bila madhara, isipokuwa labda kwa mwenye pumu. Sahani yenye mabaki ya chakula haingoji usiku, kwa sababu mende hula usiku, na jike mmoja wa wale mende wadogo wa jikoni hubeba kifuko chenye mayai kati ya 30 na 40. Taka zenye maganda na utumbo wa samaki hazizidi siku tatu, maana kwenye joto letu yai la nzi linaanguliwa ndani ya siku moja, na wiki moja na ushei baadaye nzi kamili anaruka.

Maji yaliyotuama yana kikomo chake, siku saba. Mbu aina ya Aedes, anayeambukiza homa ya dengue na kuuma mchana, hukua kutoka yai hadi mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu huyu mazalia yake ni ya nyumbani kabisa: pipa lisilofunikwa, kisahani cha chini ya chungu cha maua, ndoo iliyosahauliwa nyuma ya choo, trei ya maji nyuma ya friji, tairi uani. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai yanagandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yapande tena. Lazima ukuta wa pipa usuguliwe kwa brashi. Ukikosa mambo mengine yote wiki hiyo, hili lisikupite.

Hapa ndipo mgao unapogeuka kuwa msaada. Siku ya maji huanza jioni ya siku iliyotangulia. Badala ya kuacha maji ya zamani chini ya pipa na kumwagia mapya juu yake, yale ya chini yatumie kudeki na kusugulia bafu, pipa libaki tupu, lisuguliwe ndani kwa brashi na sabuni, lisuuzwe, kisha lisubiri maji ya asubuhi likiwa safi. Zamu hii pipa moja, zamu ijayo la pili, na hakuna pipa litakalozidi siku saba. Funika kwa mfuniko unaobana au kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba. Mfuniko uliopasuka ni mlango wa mbu.

Sasa kazi za kila siku. Zisizidi dakika 40 kwa jumla: 25 jioni na 15 asubuhi. Zikizidi hapo, kuna kitu kimeingizwa ambacho si cha kila siku.

Jioni ni jikoni tu. Kung'uta mabaki kwenye ndoo ya taka kabla chombo hakijagusa maji. Machicha ya nazi, majani ya chai na punje za wali ndivyo vinavyoziba sinki, na mafuta ya kukaangia ndiyo gundi yake: yanashuka ya moto, yanaganda bombani, na kila punje inayofuata inanasa hapo. Mafuta machafu yaache yapoe, yamimine kwenye gazeti au mfuko wenye taka kavu. Sufuria ya ugali itilie maji ya baridi mara tu unapopakua. Baada ya chakula ukoko unatoka kwa mkono. Ukiacha ukauke utasugua robo saa na kula chini ya sufuria bure.

Vyombo vya familia ya watu watano havihitaji zaidi ya lita 12 kwa beseni mbili. Ya kwanza ina sabuni, ya pili maji safi ya kusuuza. Anza na glasi na vikombe, fuata sahani na vijiko, malizia na sufuria. Ukianza na sufuria ya mchuzi, maji yanachafuka na utayabadilisha mara tatu. Majivu yanang'arisha sufuria za alumini vizuri, lakini yasiguse kikaango kisichoshika chakula, maana yanachubua ile rangi. Dodoki au sponji ikamuliwe na kuanikwa, isiachwe ndani ya beseni. Sponji inayolala na maji ndiyo inayonuka na kupeleka harufu kwenye glasi, na watu wanalaumu maji ya kisima. Kitambaa cha kufutia vyombo kichemshwe dakika tano mara moja kwa wiki. Kisha futa jiko la gesi na meza, fagia sakafu ya jikoni, funga mfuko wa taka. Sakafu ya jikoni inafagiliwa usiku. Ukiiacha mpaka asubuhi, sisimizi na mende wameshakula.

Asubuhi ni kutandika vitanda, kufungua madirisha yote angalau nusu saa, kufagia njia, yaani mlangoni, sebuleni na mahali pa kulia chakula, na kupitisha brashi chooni. Bafuni, anayeoga mwisho anasukuma maji kwa raba kuelekea kwenye tundu. Raba ile ya kusukumia maji ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kuliko dawa zote za bafuni: kigae kilichokauka hakioti ukungu, na maji ya chumvi hayapati nafasi ya kukaukia pale na kuacha ule utando mweupe. Watoto wa miaka saba au minane wanaiweza, na wengi wanaipenda kuliko ufagio.

Siku ya maji yenyewe ina mpangilio wake, na mpangilio huo ndio unaookoa lita. Kufua kwanza. Maji ya kusuuzia ya mwisho, ambayo yana sabuni kidogo tu, yanakusanywa kwenye ndoo: ndiyo ya kusugulia bafu na ya kumwagia chooni. Choo cha kukaa kinahitaji lita 5 au 6 zimwagwe kwa kishindo kutoka kwenye ndoo. Kumwaga kopo kopo kunapoteza maji maradufu na uchafu haushuki. Ya kufulia ya mwanzo yenye povu zito yanafaa kuoshea veranda na uani. Baada ya kufua ni choo na bafu, halafu friji kama ni zamu yake, na kudeki kunakuja mwisho kabisa, kwa sababu kila kazi nyingine inadondosha kitu sakafuni.

Kudeki kunaonekana kazi ya kila mtu, lakini makosa yake ni mengi. La kwanza ni sabuni kuzidi. Kwenye lita 8 za maji, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kinatosha kabisa. Ukimwaga robo kikombe ili nyumba inukie, utando wa sabuni unabaki juu ya kigae, unanata, na kufikia jioni umeshika vumbi na alama za nyayo. Wengi wanaolalamika kwamba vigae vyao havitakati hata wakideki kila siku wana tatizo hilo. Dawa yake ni kudeki kwa maji matupu mara mbili mfululizo, ukibadilisha maji, mpaka kidole kipite kigaeni bila kuteleza.

La pili ni ndoo moja. Dekio linalochovywa kwenye ndoo ileile kuanzia sebuleni hadi jikoni linahamisha uchafu tu. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio. Chovya kwenye sabuni, kamua, piga deki eneo la hatua mbili kwa mbili, suuza kwenye ndoo ya pili, kamua, rudi kwenye sabuni. Ndoo ya kusuuza ndiyo inayochafuka, na ndiyo unayobadilisha baada ya vyumba viwili. Nyumba nzima inakula lita 35 hivi, na maji machafu yote yanaishia chooni. Anzia ukuta wa ndani kabisa, rudi nyuma kuelekea mlangoni. Jikoni inafuata vyumba, na sakafu ya choo ni ya mwisho kwa tambara lake lenyewe ambalo haliingii chumba kingine. Rangi tofauti ya tambara inasaidia kuliko kukumbushana.

La tatu ni kudeki juu ya mchanga. Ufagio upite kwanza, mpaka kwenye pembe na chini ya makochi. Mchanga wa pwani ni mgumu, unachubua kigae chenye kung'aa polepole hadi njia ya kupita watu inafifia. Mikeka miwili ya kufutia miguu, mmoja nje na mwingine ndani ya mlango, inapunguza mchanga zaidi kuliko kudeki mara ya ziada. Ikung'utwe nje kila siku, la sivyo inageuka ghala la mchanga.

Chooni na bafuni hatari yake ni dawa. Zipo mbili ambazo hazikutani: Jik na ile dawa ya choo yenye asidi inayoondoa madoa ya njano. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na choo kidogo chenye dirisha la kiganja kinaweza kumlaza mtu hospitali. Jik ikikutana na amonia, ikiwemo ya mkojo uliokaa, nayo inatoa gesi kali. Njia rahisi ni kuzitenga kwa siku: siku ya maji ya kwanza ya wiki tumia Jik, ya pili dawa ya asidi kama zamu yake imefika, na kila moja isuuzwe kwa maji mengi. Zote mbili zinataka glavu na mlango wazi.

Jik nyingi za huku zina klorini ya asilimia 3.5 hivi, soma lebo. Kwa sehemu za kushikwa, yaani vitasa, koki, kikalio cha choo, vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya baridi vinatosha. Paka, acha dakika 10, suuza. Maji ya moto yanaivunja nguvu, na mchanganyiko wa jana haufanyi kazi kama wa leo, kwa hiyo tengeneza wa kutosha siku hiyo tu. Na Jik haisafishi uchafu. Ukiimwaga juu ya kinyesi kilichoganda au mafuta, inamalizwa na ule uchafu kabla ya kufika kwenye vijidudu. Sabuni na brashi zitangulie. Kuna imani kwamba nyumba isiyonuka Jik haijasafishwa, na imani hiyo inaharibu nguo, vifua na koki za watu bila faida.

Usihamishie dawa hizi kwenye chupa za soda au maji ya kunywa, na ukinunua sabuni au dawa za kupima mtaani, bandika jina siku hiyohiyo na uweke juu ambako mtoto hafiki. Mtoto akinywa, asitapishwe. Suuza mdomo, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Utando mweupe wa maji ya chumvi kwenye koki na vichwa vya bomba la mvua unatoka kwa siki: lowesha kitambaa, kizungushe, acha nusu saa hadi saa moja, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza. Lakini siki, limau na dawa ya asidi zisiguse sakafu ya terazo wala marumaru halisi. Zile chembe ni mawe ya chokaa, asidi inazila, na mng'ao ukipotea haurudi mpaka fundi apige mashine. Saruji ya katikati ya vigae nayo inadhoofika ikipigwa asidi kila wiki. Mara moja kwa mwezi imetosha.

Jambo moja linasahaulika kwenye nyumba yenye bafu mbili. Tundu la maji sakafuni lina kona iliyojaa maji chini yake, na maji yale ndiyo yanayozuia harufu ya shimo na mende kupanda. Bafu la wageni likikaa wiki tatu bila kutumika, maji yanakauka na nyumba inanuka bila mtu kujua chanzo. Mwaga kopo mbili pale kila siku ya maji. Hakuna dawa ya kununua hapo.

Siku kavu ni za kazi ndogo zinazozunguka. Kanuni yake ni juu kwenda chini. Leo pangaboi na taa. Zima swichi ukutani, vua foronya kuukuu, ivishe juu ya panga, vuta kuelekea kwako huku umebana juu na chini, na vumbi linabaki ndani ya foronya badala ya kukumwagikia kitandani. Siku nyingine neti za madirisha. Hizi zipigwe brashi zikiwa kavu, kutoka ndani kwenda nje, kabla ya maji kuzigusa. Ukimwagia maji neti yenye vumbi unapata tope, tope linashuka kwenye reli za dirisha la alumini, linakauka, na wiki mbili baadaye dirisha halisogei. Reli zenyewe zitolewe mchanga kwa brashi ya rangi isiyotumika, uzolewe, ndipo kitambaa chenye unyevu kipite. Angalia na vile vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua kwenye reli ya nje. Vikiziba, mvua ya masika inaingia ndani ya nyumba, na lawama zinampata fundi aliyefunga dirisha.

Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kunalirusha tu, likashuke tena saa moja baadaye. Kitambaa kiwe na unyevu kidogo, kama kilichokamuliwa kwa nguvu. Nyuma ya televisheni na kwenye nyaya hapo ndipo kikavu, na umeme uzimwe.

Jiko la gesi lisafishwe kwa undani kila wiki mbili. Ukiona moto umegeuka wa njano na sufuria zinashika masizi meusi, kuna uwezekano mkubwa vitundu vimeziba kwa uji, maziwa au mafuta yaliyofurika. Funga mtungi, subiri lipoe, toa vifuniko vya moto, viloweke dakika 20 kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua, zibua kila kitundu kwa sindano. Usitumie kijiti cha meno, kinakatikia ndani. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Maji ndani ya kitundu yanafanya moto urukeruke na kuzimika. Kama baada ya hapo moto bado wa njano, mwite fundi wa gesi.

Friji ni kila wiki mbili kwa kufuta na kila mwezi kwa kuosha. Fanya hivyo jioni kabla ya kwenda sokoni, wakati ndani hamna kitu. Maji lita moja na vijiko viwili vya baking soda yanatoa harufu bila kuacha manukato kwenye chakula. Barafu isichongwe kwa kisu, ukitoboa ukuta gesi inatoka na friji imekwisha. Izime, weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango. Mpira wa mlango usafishwe mikunjo yake kwa mswaki, kisha uupime: bana noti mlangoni na uivute. Ikitoka bila kukaza, baridi inavuja pale, na umeme pia. Nyuma ya friji pigwe brashi mara mbili kwa mwaka, maana vumbi kwenye ule wavu mweusi linafanya mashine ifanye kazi bila kupumzika.

Ratiba ileile haiwezi kwenda mwaka mzima. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vumbi linapungua lakini unyevu unatawala: nguo hazikauki, ukungu unaota nyuma ya makabati na ndani ya viatu. Miezi hiyo punguza kufuta vumbi, ongeza kufungua madirisha kila jua linapochungulia, sogeza makabati kiganja kimoja kutoka ukutani, usirudishe nguo yenye unyevunyevu kabatini. Ukungu ukutani ulowanishwe kwanza kabla ya kusuguliwa, kwa sababu ukiupiga brashi mkavu chembe zake zinaruka na kuingia kifuani. Ukirudi mahali palepale kila baada ya wiki chache, tafuta bomba linalovuja au paa. Jik haitibu uvujaji. Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na ardhi imekauka, mambo yanageuka: neti ni kila wiki mbili badala ya kila mwezi, mikeka ya mlangoni mara mbili kwa siku, mashuka yasilale nje kwenye kamba hadi jioni.

Mashuka na foronya ni kila wiki. Godoro lianikwe mara moja kwa mwezi na ligeuzwe, ili unyevu na harufu vitoke. Kama kuna kunguni, jua la siku moja haliwamalizi, wanajificha kwenye mishono na kwenye mbao za kitanda. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, na kitanda chenyewe kifunguliwe kikaguliwe kwenye maungio. Mayai yanaanguliwa ndani ya wiki moja na nusu hivi, kwa hiyo shambulio moja halitoshi. Rudia baada ya wiki mbili.

Chandarua chenye dawa kina masharti yake na wengi wanakiharibu kwa usafi. Vimetengenezwa kuhimili mafuo 20 hivi kwa kipindi cha miaka mitatu, kwa hiyo kila miezi mitatu inatosha. Maji ya baridi, sabuni ya kipande ya kawaida, hakiloweshwi usiku kucha, hakiguswi na Jik, na kinaanikwa kivulini, kwani jua kali linavunja dawa. Maji yake yasimwagwe mtoni wala bwawani. Dawa ile inaua samaki.

Simtanki lioshwe mara mbili kwa mwaka, na wakati mzuri ni mwisho wa masika, maji yakiwa yametulia tope. Liache liishe kwa matumizi, toa tope la chini, sugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu, suuza, litoe yote. Lijaze, tia lita moja na nusu ya Jik isiyo na manukato kwa kila lita 1,000, fungua kila koki ya ndani mpaka unuse klorini kisha uzifunge, liache usiku mzima. Mwambie kila mtu nyumbani asinywe wala kupikia. Asubuhi lichuruzike lote, lisuuze, ujaze upya. Maji yale ya klorini yanafaa kuoshea sakafu ya choo na mifereji ya uani, ilimradi dawa ya asidi haijapita hapo siku hiyo. Yasipelekwe kwenye bustani. Kwa kuwa zoezi hili linakula matanki mawili, lipangie wiki ambayo mgao umetulia, na ujaze madumu ya kunywa kwanza.

Kuhusu nani afanye nini. Kazi igawiwe kwa chumba au kwa kitu kizima, isigawiwe kwa "kusaidia". Mtoto wa miaka kumi anaweza kumiliki ndoo za taka zote za nyumba, kuanzia kukusanya hadi kurudisha mfuko mpya, bila kukumbushwa. Baba anaweza kumiliki mapipa na simtanki. Kama kuna dada wa kazi, ratiba iandikwe naye, maana ndiye anayejua ndoo ngapi zinatumika, na siku yake ya mapumziko iandikwe kabla ya kazi yoyote. Nyumba ambayo dada akipumzika choo kinanuka haina ratiba, ina mtu mmoja anayebeba kila kitu. Jik, dawa ya choo na ngazi ni kazi za watu wazima peke yao.

Wiki itafika mtu anaumwa, kuna msiba, au mgao umekatika siku kumi. Hapo nyumba inashuka kwenye kiwango cha chini: vyombo visilale, taka zitoke, choo kimwagiwe, maji yaliyotuama yafunikwe au yamwagwe. Vingine vyote viache, hata sakafu. Mambo yakitulia, usilipe kiporo. Kujaribu kufanya wiki mbili zilizopita ndani ya Jumamosi moja ndiko kunakowafanya watu waichukie ratiba na kuitupa. Ingia kwenye zamu ya leo kama hakuna kilichotokea. Kama leo ni siku ya neti, piga neti, na pangaboi lililorukwa lisubiri zamu yake ijayo. Isipokuwa pipa: hilo lisuguliwe leo, hata kwa kopo mbili za maji.